Kaa wa Watu Saba na Bima ya Bei Nafuu

Nyinyi vijana mnaonunua pikipiki siku hizi mna swali moja, na mnaliuliza hata kabla hamjakaa kitini: "Bi Mishi, ni wapi nitapata bima rahisi?" Mimi nimeshastaafu. Chumba changu cha kazi pale Ukunda, kilichopakana na duka la spea, sasa kinauza vocha na vifuniko vya simu. Lakini bado mnanifuata hadi nyumbani. Mnapiga hodi, mnaamkia shikamoo kwa adabu, na nikishaitikia marahaba tu, swali ni lile lile. Basi nimeona niliandike jibu mara moja, mpeane wenyewe.

Nimeuza bima za vyombo vya moto kwa zaidi ya miaka ishirini, kutoka Ukunda hadi Msambweni, na mara nyingine huko bara kukavu, Kinango na Taru. Taru ndiko nilikokutana na mteja aliyetaka kujua kama bima ya pikipiki italipa mbuzi akigongwa. Nikamwambia, mbuzi wa jirani yako, ndiyo, kampuni itasikiza. Akafikiri kidogo, akauliza, "Na akiwa mbuzi wangu mwenyewe?" Nikamwambia hapo umejigonga mwenyewe. Alicheka, lakini alikuwa ameelewa bima kuliko makarani wengine niliowajua. Ile bima ndogo mnayoiita thadi pati ni bima ya mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni, wa tatu ni yule utakayemgonga. Wa tatu ndiye anayelipwa. Mguu wako wewe haumo, na pikipiki yako haimo. Ukitaka mguu wako uwemo, kuna nyongeza ya ajali ya mwendeshaji, na si ghali kama mnavyodhani, ila hakuna anayeiuliza.

Aliyenifunza kazi alikuwa Bwana Omari wa Msambweni, mtu aliyevaa koti hata joto la mwezi wa tatu. Wiki yangu ya kwanza nilinakili namba ya chasisi vibaya, nikaandika herufi B badala ya tarakimu 8. Mteja akasimamishwa kwenye kizuizi cha polisi, pikipiki ikakaa kituoni siku tatu. Bwana Omari hakunigombeza. Alinichukua hadi kituoni, akanisimamisha mbele ya mteja na askari, akaniambia niisome ile namba kwenye chuma, herufi moja moja, kwa sauti. Nilisoma huku uso unanichoma. Tangu siku hiyo sikuandika namba niliyosomewa na mtu. Nilitoka nje, nikachuchumaa, nikapangusa vumbi, nikaiangalia. Nanyi fanyeni hivyo hivyo na cheti chenu. Namba ikikosewa, umelipa bima ya pikipiki ambayo haipo duniani.

Zamani cheti kilikuwa stika ya karatasi, na palipo na karatasi pana wa kughushi. Nimeona stika za uongo zilizopendeza kuliko zetu za kweli. Leo cheti kinakuja kwenye simu, na unaweza kukikagua kabla hujawasha injini. Kikague ukiwa bado mbele ya ajenti, usingoje kufika nyumbani. Na pesa zitume kwa namba ya kampuni. Ajenti akikwambia utume kwenye simu yake kwa sababu mtandao wa kampuni umelala, mwambie nawe utalala, utarudi kesho.

Sasa hiyo bei. Inapandishwa na mambo machache: unaitumia pikipiki kwa kazi gani, umri wako, leseni yako ina muda gani, na unalipa kwa mwezi au kwa mwaka. Kijana mwenye leseni mpya anaogopwa na kampuni, na hana la kufanya ila kungoja akue. Kulipa kwa mwezi kunaonekana nafuu, lakini miezi ikikusanyika inaupita mwaka. Kubwa kuliko yote ni lile la kwanza, la kazi, na ndilo watu wanalodanganya. Hapo ndipo nami nilipoharibu, na sikuharibu peke yangu. Nilimwingiza binti wa watu.

Jina lake Riziki, wa Gazi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza kama aliyetoka kukohoa. Alikuwa akinunua kaa kwa wavuvi wa kule kwenye mikoko na kuwauza kwa jikoni za hoteli za Diani. Kwa kupanda gari za abiria kaa walikuwa wakifia njiani, na jikoni ya hoteli haipokei kaa aliyekufa. Akacheza mchezo wa kuchangiana fedha na wenzake mpaka akapata pikipiki ya mtumba, nyekundu. Leseni yake ilikuwa na miezi miwili tu. Akaja kwangu.

"Utaitumia kwa kazi gani?" nikamwuliza.

"Kubeba kaa. Wangu na wa wenzangu. Kuna watu sita kwetu hawana chombo, watakuwa wakinipa kitu kidogo kila safari."

Alijibu sawasawa, bila kuficha neno. Nikampigia hesabu ya bima ya kubeba mizigo ya watu kwa malipo. Akaiangalia ile namba muda mrefu.

"Na ya mtu anayeendea kazini tu?"

Nikamwonyesha.

"Mbona imeshuka hivi?"

"Kwa sababu huyo habebi mzigo wa mtu."

Akageuza shingo akatazama nje. "Ajenti wa ng'ambo ya barabara ameniambia yeye ataniandikia hii ya chini."

Ajenti wa ng'ambo aliitwa Saidi, na alikuwa amenichukulia wateja wanne mwezi ule. Sitawadanganya. Nilimhurumia Riziki, na pia sikutaka avuke barabara. Mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililoshika kalamu. Siku zile fomu ilikuwa ya karatasi bado. Nikaivuta mwenyewe, nikaandika kwa mkono wangu: matumizi binafsi. Yeye akatia sahihi chini.

"Ukiulizwa," nikamwambia, "sema unaenda kazini. Wala si uongo. Kaa ndiyo kazi yako."

Akasema, "Sawa, Bi," akaondoka na furaha yake.

Miezi minane ilipita. Ikaja masika, mvua ile ya asubuhi inayoifanya lami iteleze kama sakafu iliyomwagwa uji. Riziki alikuwa amefunga kreti mbili, moja juu ya nyingine, gunia lililoloweshwa maji juu yake. Alipofika Mwabungo kamba ikalegea, kreti ya juu ikahama upande, pikipiki ikamvuta. Akashika breki. Chombo kikalala, kikateleza, kikamfikia mtu aliyekuwa akivuka barabara na mwavuli na furushi la sare za shule.

Mtu huyo alikuwa fundi Bakari, mshonaji. Mguu wake wa kulia ulivunjika mara mbili chini ya goti.

Kaa walitawanyika barabara nzima, wamefungwa magando, wanajikokota kwenye mvua. Watu walitoka kibarazani wakawaokota, na wengi waliwarudisha. Nasema wengi. Lakini kila fungu lilikuwa na kipande cha katoni chenye jina la mwenyewe, ili hesabu isichanganyike huko hotelini. Askari aliyefika alivipanga vile vipande juu ya kreti na kuvipiga picha. Majina saba.

Siku ya pili Riziki akaja ofisini, mkono umefungwa bendeji kutoka kiwiko hadi kifundo. Hakukaa.

"Nimewaambia ninaenda kazini, kama ulivyonifunza."

"Na kaa?"

"Nimesema wote ni wangu."

Niliutazama mkono wake uliofungwa. Kabla ya kukutana nami alikuwa binti aliyejibu swali kwa ukweli. Sasa alikuwa amewadanganya polisi, na maneno aliyotumia yalikuwa yangu.

Nilikwenda hospitalini kumwona fundi Bakari. Nilimkuta ameinuliwa mguu, anatazama dari. Nikamwambia mimi ndiye niliyeandika bima ya ile pikipiki.

"Sina ugomvi na yule binti," akasema. "Alikaa nami chini kwenye mvua mpaka gari likaja. Alinishikia mwavuli wangu mwenyewe, yeye ananyeshewa." Akauonyesha mguu kwa kidevu. "Lakini Bi, cherehani yangu ni ya mguu. Mguu huu ndio unaolisha nyumba. Mniambie tu kama nitalipwa au sitalipwa, nijue la kuwaambia watoto."

Nikamwambia atalipwa. Sikuwa na hakika. Miaka yangu yote kwenye kazi hii sikuwahi kusema neno lenye uzito kama hilo bila kuwa na hakika nalo.

Baada ya wiki tatu kampuni ikamtuma mpelelezi wake kutoka Mombasa, Bwana Kioko, mtu wa bara, mpole, mwenye faili ya katoni na viatu vilivyopigwa rangi vizuri. Alikaa kitini pale alipokaa Riziki siku ya kwanza. Akaniwekea picha mezani.

"Mama, majina ni saba hapa. Na fomu yasema matumizi binafsi."

"Naona."

"Huyu fundi atalipwa, sheria inatubana. Yule aliumia hana makosa. Lakini tukishamlipa, kampuni itamgeukia msichana. Itamdai pesa yote, kwa sababu alitoa habari za uongo kwa fomu." Akafungua faili. "Nimeongea naye Gazi. Nimemuuliza kama kuna mtu alimsaidia kujaza. Amesema alijaza mwenyewe."

Nikaitazama ile fomu. Herufi zangu zina mkia, Bwana Omari alikuwa akizicheka. Ilikuwa wazi kama uso wa mtu. Lakini Bwana Kioko hakuujua mwandiko wangu, na Riziki alikuwa ameshanifungia mlango mimi niwe nje ya jambo hili. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Niliwaza ada ya shule ya mwanangu wa mwisho. Niliwaza Saidi wa ng'ambo atakavyocheka. Nawaambia hivi ili msidhani niliruka kusema kweli kama mtu anayeruka kwenye maji. Nilikaa. Bwana Kioko akamaliza chai yake.

"Huo mkono ni wangu," nikasema.

Akaweka kikombe chini. "Unasema?"

"Mimi ndiye niliyejaza. Yeye alitia sahihi tu."

"Na alikuambia anabeba mzigo ya watu?"

"Aliniambia. Aliniambia hata idadi yao. Watu sita, na yeye wa saba. Nikamwambia tuandike binafsi."

Akatoa kalamu mfukoni. "Mama, nikiandika hiyo, siwezi kuifuta."

"Andika."

Akaandika. Aliandika polepole, akanisomea, nikatia sahihi. Alipokuwa akitoka alisimama mlangoni kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha akauliza ni wapi atapata gari la kurudi Likoni.

Mambo yaliyofuata yalikuja kwa barua, kama kawaida ya kampuni. Kwa kuwa ajenti wao ndiye aliyeambiwa ukweli na akaandika mengine, waliona hawana pa kumshika Riziki. Hawakumdai. Mimi waliniondolea uwakala. Fundi Bakari alilipwa, ingawa ilichukua miezi mingi, na katika miezi hiyo watoto wake walikula kwa ndugu. Mguu uliunga lakini ulibaki mfupi kidogo. Kwa sehemu ya zile fedha alifunga mota kwenye cherehani, siku hizi anashona kwa umeme, na stima ikikatika anakaa nje na kuwalaumu wahusika. Pikipiki ya Riziki haikulipwa hata senti, wala mkono wake. Ilikuwa thadi pati. Alikaa bila chombo muda mrefu, akarudia kupanda gari za abiria na kaa wanaokufa.

Nami nilihitaji kula. Nilivuka barabara nikamwomba Saidi kazi. Alifurahi sana, akanipa meza karibu na mlango, mahali pa jua. Mtu aliyekuwa tayari kumwandikia Riziki fomu ile ile ndiye aliyekuwa mwajiri wangu sasa, na hakuna mpelelezi aliyewahi kukaa kwenye kiti chake. Hayo ndiyo mambo ya dunia, sina maoni juu yake. Ila katika ile ofisi fomu zilizopita mezani kwangu zilisema kilichosemwa na mteja, na wateja kadhaa walikasirika wakaenda kwingine, na Saidi akanung'unika, na ikawa hivyo.

Kuna wengi niliowaonyesha njia halali za kupunguza bei, na hizo ndizo nataka mzibebe. Zungukeni kwa maajenti watatu, kila mmoja mumpe maelezo yale yale, msibadilishe neno. Kama mko kikundi steji moja ya pikipiki, nendeni pamoja mkaombe bei ya kikundi. Pata mafunzo ya kweli, leseni ya kweli, na uweke karatasi zake vizuri. Kama pikipiki imelala miezi kwa matengenezo, iambie kampuni. Na usiogope kuuliza ajenti, "Hii ya chini, ni nini kilichotolewa ndani yake?" Bei haishuki bure. Kuna kitu kimetoka, na ni juu yako kujua ni kitu gani.

Lakini njia bora kuliko zote sikuibuni mimi. Niliionea pale kwenye meza ya jua.

Alipopata chombo tena, Riziki alikuja kukata bima mpya, kwa Saidi, hakujua kama mimi niko pale. Aliingia na helmeti mkononi, akaniona, akasimama.

"Shikamoo, Bi Mishi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikaa. Mkono ulikuwa na kovu refu, lililong'aa. Tuliulizana habari za nyumbani, za wazee, za mvua. Kisha nikamwuliza jambo lililokuwa likinikaa kooni tangu siku ya Bwana Kioko.

"Kwa nini ulisema ulijaza mwenyewe?"

Akainua mabega. "Nilifikiri nikikutaja watakufukuza, na mimi nitabaki sina mtu wa kunisemea kule kwenye kampuni." Akafikiri tena. "Halafu nilisikia umejitaja mwenyewe. Nikasema, kumbe hesabu yangu ilikuwa mbaya."

Hakusema asante, wala sikuingoja. Sidhani ilikuwa yangu.

Nikatoa fomu, nikafungua kalamu. Akanyoosha mkono.

"Nipe nijaze mwenyewe."

Nikampa. Alijaza huku akisoma kila mstari kwa sauti, kwa sauti yake ile ya kukwaruza, mpaka wateja wengine wakageuka. Jina. Umri. Leseni, ambayo sasa ilikuwa na miaka yake. Namba ya chasisi alikwenda nje kuiangalia mwenyewe. Alipofika kwenye matumizi ya chombo, akaandika: kubeba kaa wangu na wa watu wengine sita kwa malipo. Mstari haukutosha, akaendelea pembeni mwa karatasi.

Nikapiga hesabu, nikamwonyesha. Ilikuwa ile bei ya juu, iliyomfanya ageuze shingo siku ya kwanza. Akaitikia kwa kichwa.

"Una uwezo nayo?" nikamwuliza.

"Peke yangu sina. Nimewaambia wenzangu: kaa wenu wamo kwenye safari, basi nanyi muwemo kwenye bima. Kila mtu ametoa fungu lake. Mmoja alikataa."

"Ukamfanyaje?"

"Kaa wake wanapanda gari la abiria." Akasema hivyo bila tabasamu. "Ameshaanza kuuliza kama nafasi bado ipo."

Alituma fedha kwa namba ya kampuni, akangoja cheti kifike kwenye simu, akakisoma chote, namba kwa namba, nami nikimtazama. Akainuka, akavaa helmeti.

"Haya, Bi, niwie radhi," akasema. "Kreti iko juani, na kaa hawangoji mtu."